Majambazi wa Australia kwenye Kilima cha Miyuji

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Ofisi zimefungwa. Kwangu ni sawa tu, nimestaafu. Barua pepe kutoka Australia imeingia saa nne kasoro dakika kumi. Mama Noreen anakuja. Jumamosi ya tarehe 19, na wenzake saba.

Niandike ukweli humu, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mama Noreen alifundisha chuo kule Chimwaga miaka miwili, mimi nikiwa karani wa masijala. Mwaka 2021, kabla ya kuondoka, alificha visanduku vitano kwenye kilima cha mawe nyuma ya Miyuji. Ni mchezo wao. Simu inakufikisha mahali, unasaka kisanduku, unaandika jina kwenye daftari lililomo ndani, unakirudisha. Hakuna zawadi. Kila kisanduku kina jina la jambazi wa Australia ya zamani, enzi za mkoloni, wale waliokuwa wakivamia magari ya farasi yaliyobeba dhahabu na kujificha mapangoni. Babu wa babu yake Mama Noreen alikuwa polisi. Aliwasaka miaka miwili, hakumwona hata mmoja.

Mimi ndiye mtunzaji wa visanduku. Kila miezi mitatu namtumia ripoti. Nimeshaandika kumi na sita. Zote zinasema hali ni nzuri. Kilima sijakipanda tangu aondoke. Goti.

Sasa chama chao kinataka mtunzaji mmoja kutoka nje ahudhurie mkutano wao wa Novemba, Melbourne. Wiki tatu, tiketi juu yao. Majina ni mawili: mimi, na Damas, dereva wa watalii, anayetunza visanduku vingine kule Mtera. Mama Noreen ataamua akishajionea.

Nina miaka sitini na moja. Kwa miaka thelathini na miwili nimehifadhi mafaili ya safari za watu wengine. Pasipoti ninayo. Kurasa zote nyeupe.

Mke wangu Emiliana ameuliza kama kwa ripoti zile za uongo nilikuwa nalipwa au najitolea.

Jumatano, 9 Julai

Kilimani. Kupanda: dakika hamsini na tano. Mwaka 2021 zilikuwa ishirini.

Namba 1, wale waliopora msafara wa dhahabu mwaka 1862: hakipo. Namba 3, Thunderbolt, aliyetoroka gereza la kisiwani kwa kuogelea: hakipo. Namba 4, Ben Hall: mfuniko tu, una alama za meno ya pimbi. Namba 5, Ned Kelly, aliyejitengenezea vazi la chuma kwa mabamba ya plau: kipo. Kimejaa siafu.

Namba 2 nimekikuta kwa Mzee Matonya, anayechunga ng'ombe upande wa kaskazini. Anahifadhia ugoro. Nimempa shikamoo, nikamweleza kwamba kile ni chombo cha chama cha kimataifa. Akasema marahaba kijana, na ugoro wake pia ni wa zamani. Hakukitoa. Akaniuliza kama natoka ofisi ya ardhi. Nikasema hapana. Akasema wa ardhi wote husema hapana, ndivyo unavyowajua.

Siku kumi zimebaki. Nina kisanduku kimoja na kuumwa na siafu mara tisa.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango umekaa vizuri. Nauandika kwa ufupi.

Kwanza, vyombo. Emiliana ana vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko, anavitumia kwenye harambee na misiba. Nimechukua vinne, vya chini kabisa kwenye kabati.

Pili, madaftari. Daftari la kisanduku cha miaka minne haliwezi kuwa jeupe. Nimeketi kwa saa tano nikiandika majina ya wageni waliofika: Perth, Nairobi, Ujerumani, Arusha. Kalamu sita tofauti. Mjerumani nimemwandika kwa mkono wa kushoto. Kurasa nimezisugua na majani ya chai.

Tatu, mahali. Simu inakosea hadi mita nane, na mawe ya kilima kile yanafanana kama vipara. Nisipoweka alama, mimi mwenyewe sitaviona. Kwa hiyo nimepaka kila jiwe namba kwa rangi nyekundu, 1 hadi 5, nikapima kwa futikamba umbali kutoka njiani na kuandika kwenye kijitabu.

Nne, usumbufu. Sikutaka maswali. Nimevaa riflekta ya njano ya shemeji yangu fundi ujenzi. Mtu mwenye riflekta haulizwi kitu.

Nimekaa kilimani kwa saa sita. Watu wamepita chini, wamesimama, wametazama, wameondoka. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimepita kukagua. Mama mmoja alikuwa anapanda miche karibu na jiwe namba 3. Jina lake Zipora, mjane, analima uwele chini ya kilima. Miche ishirini ya mikorosho. Ardhi ilikuwa kavu kiasi kwamba alikuwa anachimba mashimo kwa mtaimbo.

Hakuna anayepanda mti Dodoma mwezi wa Julai bila sababu. Nimemuuliza sababu.

Amenisalimia kwa heshima, baba afisa, akaniuliza kama namba 3 ni kona ya kiwanja au ni kona ya barabara, maana ikiwa ni barabara atasogea kidogo ili miti iwe katikati. Alisema hataki kusumbua ofisi. Mwaka ule walipopima upande wa pili alikuwa amelazwa, aliporudi wenzake wote wameshaorodheshwa miti yao na kulipwa fidia, na yeye hana hata mpapai. Safari hii hatakutwa mikono mitupu.

Nikamwambia hakuna upimaji. Nikamwambia zile ni alama za wageni kutoka Australia.

Akashika kiuno. Kumbe ni wawekezaji.

Jumanne, 15 Julai

Nimehesabu kutoka juu. Vibanda kumi na vinne. Miche sikuimaliza kuhesabu. Kanisa moja, yaani nguzo nne na kibao. Makaburi mapya matatu, yamepangwa mawe vizuri, yana misalaba. Miyuji hakujawa na msiba tangu Mei.

Nimekwenda kwa Geofrey, mwenyekiti wa mtaa. Nimemwambia atawanye watu, hakuna upimaji, zile namba nimezipaka mimi. Akafunga mlango wa ofisi. Akasema amefurahi kuisikia kutoka kinywani mwangu, na je, namba 2 inapita juu au chini ya banda lake la mbuzi?

Saa kumi Damas amefika na gari. Habari zimemfikia hadi Mtera. Amepiga picha za kanisa. Shikamoo mzee, amesema, huu uhifadhi wako wa mazingira sijawahi kuuona mahali pengine. Ameniuliza yupi kati ya marehemu wale watatu alikuwa jambazi.

Damas ana miaka arobaini na mbili. Ameshakwenda Nairobi, Lusaka na Dubai. Hana haja ya Australia. Anaitaka kwa kuwa naitaka mimi.

Jumatano, 16 Julai

Mpango mpya: kufuta namba. Bila namba hakuna bikoni, yaani alama za mpaka, bila bikoni hakuna vibanda. Nimepanda saa moja na nusu asubuhi na chupa ya tina ya kuondolea rangi, msasa na matambara. Sikuvaa riflekta.

Nimefuta nusu ya namba 1. Nikageuka. Watu kumi na mmoja.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililonichosha. Mwanamume mmoja amesema kwa upole kwamba wanaelewa, hata afisa ana watoto wa kusomesha, lakini wangependa kujua ni nani amenipa kitu kidogo nihamishe mpaka. Zipora ameketi juu ya namba 3 na kukunja kanga magotini. Baba, amesema, hata ukifuta, mimi picha ninayo, na nimemtumia binti yangu Singida na mwingine Iringa.

Wamenisimamia hadi nikairudishia namba 1 rangi. Wamesema mstari umepinda. Nimeunyoosha.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango: kuhamishia visanduku kwenye kilima cha jirani na kumwandikia Mama Noreen kwamba pimbi wamezidi. Nimetoka mapema na visanduku vinne kwenye kapu. Kile cha namba 3, cha Zipora, sijakiweza, kimo ndani ya kibanda chake.

Saa mbili asubuhi nilikuwa na watu sita nyuma yangu. Mmoja amebeba miche.

Nimerudisha visanduku. Nikiwa nateremka, Mzee Matonya amenisimamisha akataka kujua hao watu wa kwenye visanduku ni akina nani hasa. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamweleza. Walipora benki, walivaa sare za polisi waliowafungia rumande, waliiba farasi na ng'ombe, wengine walipigwa risasi na mmoja alinyongwa. Akauliza ng'ombe wangapi. Nikasema idadi siijui, ila ni wengi. Akafikiri. Akasema hata kwao wako wa namna hiyo, ila hajawahi kusikia mtu amewapandia kilima na kuwaandikia daftari. Akauliza kama ndugu zao wanajua.

Ijumaa, 18 Julai

Emiliana ametafuta vibakuli vyake. Kuna kipaimara kesho kutwa. Nimesema labda viliachwa kwenye msiba wa mwisho. Amesema msiba wa mwisho ulikuwa Mei na yeye mwenyewe ndiye aliyeosha vyombo.

Kesho ni kesho. Hotuba nimeandaa. Nitasema watu hawa wamehamasishwa na urithi wa Australia. Nimeisoma mara tatu mbele ya kioo. Mara ya tatu nilianza kuamini.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu na robo. Wageni wanane wamefika. Gari ni la Damas. Dereva ni Damas. Alikuwa amewachukua uwanja wa ndege jana, mimi nikiwa mbele ya kioo.

Mama Noreen amezeeka kidogo, Kiswahili chake bado ni kile cha Chimwaga, cha polepole na sahihi. Watu wa kilimani walikuwa wamejipanga tangu saa moja. Wamefagia njia. Geofrey amevaa suti. Amewakaribisha wawekezaji kwa niaba ya mtaa. Mama Noreen amejibu kwamba yeye ni mwalimu mstaafu na huu ni mchezo tu. Watu wamecheka kwa adabu. Mzee Matonya amewaambia walio karibu kwamba huyu ni mkubwa zaidi ya yule wa riflekta, maana anakataa vizuri zaidi.

Namba 1: kisanduku kipo, kimezungushiwa uzio wa miiba. Namba 2: kipo, kina mlinzi. Namba 4 na 5: vipo, mawe yamedekiwa. Wageni wakawa wanatazamana. Mmoja amesema kwao visanduku huibwa au hulowa, hajaona mahali ambapo jirani anakipangusa vumbi.

Namba 3. Zipora amekitoa ndani ya kibanda, kimefungwa kwa kanga. Amemkabidhi Mama Noreen kwa mikono miwili. Mama Noreen amefungua daftari na kuanza kusoma, nami nikasogea karibu, maana kurasa za kwanza ni zangu.

Baada ya kurasa zangu kulikuwa na nyingine nisizozijua. Zipora alikuwa amelikuta daftari lina majina na tarehe, akaamua ndiyo orodha ya wakazi. Akaanza kuandikisha. Majina arobaini na moja ndani ya siku tano. Kila mtu na tarehe, namba ya simu na idadi ya miche. Kanisa limeandikwa na mwinjilisti wake. Waliojiandikisha kwa dole gumba ni wanne.

Mama Noreen ameketi kwenye jiwe. Amesema ndani ya miaka minne kisanduku chake cha nyumbani, Victoria, kimepata wageni tisa. Amevua miwani na kuifuta, kisha amefuta macho.

Halafu akarudi kurasa za mwanzo. Ameniita pembeni. Ameniuliza, bila ukali wowote, huyu mgeni wa Perth alifika tarehe 31 Juni kwa njia gani.

Juni ina siku thelathini. Hilo nilikuwa nalijua.

Amesema babu wa babu yake aliandika ripoti kila wiki kwamba amewaona majambazi kwa mbali. Ripoti hizo ziko makavazi hadi leo. Familia imezizoea. Akasema mtu mmoja tu ndiye aliyekitunza kisanduku kwenye kilima hiki, na si mimi. Akamgeukia Zipora na kumwalika Melbourne. Damas alikuwa ameegemea gari. Tabasamu lake limepungua upande mmoja.

Zipora ameuliza ni siku ngapi. Akaambiwa wiki tatu. Akauliza mwezi gani. Akaambiwa Novemba. Ameshukuru sana. Amesema hawezi. Wathamini wakija Novemba na wakute kibanda hakina mtu, mama, hiyo miti itaandikwa ya nani? Mpelekeni baba afisa. Goti lake bovu, lakini kila siku yuko huku juu anahangaika na mawe. Mtu wa hivyo mkimpumzisha mtapata baraka.

Hakuna mtu aliyewahi kunitetea hivyo kazini.

Mama Noreen amefunga daftari. Amesema sawa. Nafasi ni yangu. Nitume namba ya pasipoti kabla ya Jumapili ijayo, tarehe 27. Nisipotuma, atakwenda Damas.

Nimesema nitatuma leo.

Jumapili, 20 Julai

Nimeitoa pasipoti sandukuni. Inaisha 2029. Picha si mbaya. Emiliana ameitazama, akanitazama, akasema Novemba Melbourne kuna baridi au joto? Hakuuliza vibakuli. Ameninyooshea suruali mbili.

Kutuma ni dakika tano. Nitatuma kesho, intaneti ikitulia.

Jumanne, 22 Julai

Nimekutana na Geofrey sokoni. Amenivuta nyuma ya vibanda vya nyanya. Amesema kwa siri kwamba mambo ni moto, mtu wake wa ndani amemhakikishia kilima kinapimwa mwaka huu huu. Ushahidi ni namba nyekundu, na mzungu aliyekuja kukagua.

Najua zile namba zimetoka wapi. Rangi bado iko kwenye kucha zangu. Najua pia mzungu alikuja kwa sababu gani.

Lakini Geofrey si mtu wa kuropoka. Kisha vibanda leo ni thelathini na vitatu. Juzi amehamia mhasibu mstaafu, mtu makini, namjua, hajawahi kusaini kitu bila kukisoma mara mbili. Familia thelathini na tatu haziwezi kukosea zote. Huenda mimi nilipaka namba mahali ambapo ofisi ilikuwa tayari imepanga kupaka. Mambo ya namna hiyo hutokea. Nimefanya kazi serikalini, nimeona mafaili mawili yasiyojuana yakisema jambo moja.

Pasipoti: kesho.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepanda kuangalia tu. Karibu na namba 2, juu kidogo ya banda la mbuzi la Geofrey, kuna nafasi. Mita thelathini kwa ishirini, nimepima kwa futikamba. Haina mtu. Geofrey amesema ameiweka kwa ajili ya mtu anayejielewa, na kwamba ajabu pekee ni jinsi mpimaji mwenyewe alivyochelewa kujikatia.

Zipora amenifundisha namna ya kuchimba mashimo kwenye udongo ule. Unalowesha jana yake. Amesema mipapai ndiyo inayoonekana haraka. Mikorosho wathamini hudhani ni magugu.

Nimeagiza miche arobaini ya mipapai.

Jumamosi, 26 Julai

Miche yote imeingia ardhini. Mgongo umekataa kunyooka. Maji yanapandishwa kutoka bombani chini, madumu manane kwa siku, manne asubuhi na manne jioni. Nikiacha siku mbili, inakufa. Zipora ana ya kwake ishirini, siwezi kumtwisha ya kwangu.

Nimejaribu kupiga hesabu ya wiki tatu za Novemba. Siku ishirini na moja, madumu mia moja sitini na manane. Tena ndio mwezi ambao kila mtu anautaja kuwa wa upimaji.

Jumatatu, 28 Julai

Jana, saa tano na dakika arobaini asubuhi, nilimwandikia Mama Noreen. Nilimshukuru kwa heshima kubwa. Nilimwambia nasikitika, kazi za ofisi zimenizuia. Alijibu baada ya saa moja. Alisema ameelewa, na kwamba babu wa babu yake naye hakuwahi kutoka nje ya wilaya yake.

Leo Damas amepita na gari kuaga, ingawa Novemba iko mbali. Shikamoo mzee, nikuletee nini kutoka Melbourne? Nilikuwa na dumu kila mkono. Nimemwambia aniletee mbegu za mipapai ya huko, kama ipo.

Emiliana amenisomea ile barua yangu kwa sauti, taratibu, akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye kazi za ofisi akaniuliza ofisi gani.

Nimemwambia asiwe na haraka, wapimaji watakapokuja ataiona.